Moto Chini ya Machela

Siku ya 1 Mei 1500, merikebu za Pedro Álvares Cabral zikiwa zimetia nanga katika bandari ya Porto Seguro, kwenye pwani ya nchi ambayo baadaye ilikuja kuitwa Brazili, katibu mmoja wa Kireno, jina lake Pero Vaz de Caminha, alimaliza waraka mrefu aliokuwa akimwandikia Mfalme Manuel wa Ureno kumpa habari za nchi hiyo na watu wake. Katika waraka huo amesimulia jinsi watu waliotumwa kwenda kuutazama mji wa wenyeji walivyoukuta una nyumba 9 au 10, kila moja ndefu kama merikebu ya amiri mwenyewe, zimejengwa kwa mbao na kuezekwa kwa majani, hazina vyumba ndani ila nguzo nyingi tu, na watu 30 au 40 wakikaa pamoja katika kila nyumba. Baina ya nguzo na nguzo, asema katibu, zilifungwa nyavu kwa ncha zake, juu juu, na ndani ya nyavu hizo watu walilala. Na chini yake waliwasha mioto ili wapate joto.

Maneno hayo machache ya mwisho, ambayo msomaji mwenye haraka huyapita pasipo kuyatupia jicho, ndiyo nitakayoyashika katika makala hii. Aghalabu machela ya kulalia huhesabiwa kuwa chombo cha nchi za joto na cha watu wasio na shughuli: minazi miwili, mchanga mweupe, upepo wa bahari, na mtu aliyefumba macho mchana. Wanapotokea leo watu wanaofunga machela zao msituni katika nchi za baridi kali, na kulala humo theluji ikianguka, wengi hudhani kwamba hayo ni mambo mapya kabisa, tena ya kinyume na tabia ya chombo chenyewe. Walakini wale waliobuni machela hawakuwa wageni wa baridi hata kidogo, nao walijua tangu zamani sana kwamba kitanda kinachoning'inia hewani kina ila moja kubwa, nayo ni baridi ipandayo kutoka chini. Na ila hiyo walikuwa wamekwisha kuipatia dawa. Wazungu walikichukua kitanda wakauacha moto, na tangu hapo historia ya machela katika nchi za baridi imekuwa ni historia ya kutafuta badala ya moto ule.

Msomaji wa pwani yetu huenda akapendezwa kujua kwamba msafara ule ule wa Cabral, ulipoondoka Brazili mwezi wa Mei, ulikumbwa na tufani katika bahari ya kusini ikazamisha merikebu nne pamoja na nahodha mashuhuri Bartolomeu Dias, na mabaki yake yakafika Kilwa mwezi wa Julai mwaka huo huo, yakamkuta Sultani Ibrahim katika mji wa nyumba za mawe, mazungumzo ya biashara yasifae kitu, kisha yakapanda hadi Malindi ambako yalipokewa kwa ukarimu. Caminha mwenyewe hakurudi kwao, maana wanahistoria husadiki kwamba aliuawa Calicut, Bara Hindi, mwezi wa Desemba, katika ghasia zilizozuka huko baina ya wafanyabiashara na Wareno. Waraka wake ulikuwa umetangulia kwenda Lisbon kwa merikebu ya chakula, ukawekwa katika hifadhi ya mfalme, wala haukupigwa chapa hata mwaka 1817. Basi kwa miaka zaidi ya 300 habari za mioto ile zililala sandukuni.

Sababu ya baridi ile ipandayo chini ya machela haina fumbo. Mtu yeyote aliyewahi kulala juu ya kitanda cha kamba pasipo godoro, usiku wa kipupwe wakati kusi inavuma, anaijua kwa mgongo wake: hujifunika shuka, huongeza kanga, huongeza blanketi, na bado hutetemeka, kwa kuwa upepo unapita uvunguni na kumfikia kwa chini mahali asipokuwa na kitu cha kumkinga. Machela imezidi hapo, kwani kitambaa chake kimembana mtu ubavuni na mgongoni, nayo hewa inakizunguka pande zote bila kizuizi. Na hata mtu akijitandikia nguo nzito chini yake, uzito wa mwili wake huzigandamiza nguo hizo zikawa bapa, na hewa iliyotuama ndani yake, ambayo kwa hakika ndiyo inayohifadhi joto wala si nguo zenyewe, hutoka yote. Ardhi, ijapokuwa ni ngumu na yenye unyevu, walau haina upepo.

Columbus na watu wake, walipofika visiwa vya Bahama mwezi wa Oktoba 1492, waliziona nyavu za pamba ambazo wenyeji, Wataino, walizilalia, na katika habari za safari hiyo vitanda hivyo vimetajwa. Lakini huko ni visiwa vya bahari ya joto, na hapana neno lililosemwa juu ya baridi. Aliyelisema wazi ni Gonzalo Fernández de Oviedo, Mhispania aliyekaa miaka mingi katika nchi hizo mpya, akatoa muhtasari wa mambo yake mwaka 1526. Huyu alikuwa mtu wa macho makali, nami nampenda kuliko wenziwe wengi, kwa sababu hakutosheka kustaajabu bali alieleza kitu kilivyotengenezwa na kilivyotumika. Anaeleza nguo ya pamba, kamba nyingi zilizokusanywa kila ncha, miti miwili ya kufungia, usafi wa kulala mbali na udongo, na wepesi wa kukunja kitanda chote na kukichukua mtu akasafiri nacho. Kisha asema ya kwamba kwa kuwa nchi ni ya hali ya wastani hakuna haja ya kujifunika, isipokuwa mtu akiwa chini ya mlima mahali penye baridi, au akifika amelowa, ndipo huwekwa makaa ya moto chini ya machela ili apate kuota. Hapo basi tunayo kanuni nzima: si moto wa kila usiku, bali moto kwa kiasi cha haja, na makaa yasiyo na ndimi wala moshi mwingi.

Miaka zaidi ya ishirini baadaye, Mjerumani Hans Staden, aliyekuwa mpiga mizinga wa Wareno katika ngome ya Bertioga, pwani ya Brazili, alitekwa na wenyeji waitwao Watupinamba, akakaa mateka kwao miezi kadhaa akingoja kuliwa. Akaokoka, akarudi kwao, akachapisha kitabu chake mjini Marburg mwaka 1557. Naye pia ameandika kwamba watu hao walilala katika nyavu za pamba zilizofungwa juu ya ardhi, na usiku kucha moto haukuzimwa karibu nao. Fauka ya hayo hawakupenda kutoka nje gizani pasipo kijinga cha moto, kwa hofu ya shetani. Nimewaza mara nyingi juu ya mateka yule, ambaye kila usiku alilala kwa joto la moto wa watu wale wale waliomwahidi kumchoma.

Moto huo wa machela una ustadi wake, na hata leo wapo watu wa misitu ya Amazon, mathalan Wayanomami, ambao machela zao hutundikwa kuzunguka meko, kila jamaa na moto wake. Haukokwi kwa kuni ndogo ndogo za kuwaka haraka, bali kwa magogo matatu au manne yaliyolazwa chini, ncha zake zikikutana katikati na mikia yake ikielekea nje pande mbalimbali, na pale ncha zinapogusana ndipo penye kaa. Gogo haliwaki lote, huungua polepole kwa ncha. Na moto unapofifia, aliyelala hana haja ya kuinuka, bali huteremsha mkono au mguu, akalisukuma gogo shubiri moja kuelekea katikati, akapuliza kidogo au akapepea, kisha akarudi usingizini. Usiku mmoja jambo hilo hurudiwa mara nyingi, na mtu aliyezoea hulifanya akiwa kati ya kulala na kuamka, wala asubuhi halikumbuki. Tena asidhani mtu kwamba Amazon haina baridi: katika majira ya Juni hadi Agosti hupanda kutoka kusini upepo ambao Wabrazili huuita friagem, na nchi za Acre na Rondônia, ambazo jana zilikuwa zikitoa jasho, hushuka kwa muda wa siku moja hata digrii 15 au chini yake. Kwa mtu asiye na nguo nyingi, aliyening'inia hewani, huo ni usiku wa kumeza mate.

Mwanasayansi Mjerumani Alexander von Humboldt, alipokuwa akisafiri kwa mtumbwi katika mto Apure, Amerika ya Kusini, mwaka 1800, alifika mahali ambapo ukingo wa mto haukuwa na miti ya kufungia machela; basi watu wake walichomeka makasia mchangani, wakazifunga machela juu ya makasia hayo, wakakoka moto kuzunguka kambi. Moto huo ulikuwa wa kuwafukuza jagwa zaidi kuliko wa joto, lakini kisa chenyewe chaonyesha jinsi vitu hivi viwili, machela na moto, vilivyokuwa vikisafiri pamoja huko, hata msafiri wa Ulaya hakuona haja ya kuvitenganisha.

Wareno waliofanya maskani Brazili hawakuviacha vyote. Nyavu ya pamba iliyofumwa kwa vidole polepole iligeuka kuwa kitambaa kizito kilichofumwa katika kitanda cha mfumi, chenye mashada marefu yaliyoning'inia pembeni, na nguo nzito ikazuia upepo kuliko matundu ya wavu. Katika nyanda za juu za São Paulo, ambako asubuhi za Julai huweza kuleta jalidi juu ya majani, wenyeji na walowezi pia walilala machelani kwa muda wa karne mbili na zaidi kabla vitanda vya miguu minne havijaenea. Luís da Câmara Cascudo, mwanachuoni wa Natal, Brazili, ameitungia machela kitabu kizima kilichotoka mwaka 1959, akifuata kila desturi yake kuanzia uzazi hata mazishi; na mtu akikisoma huona kwamba katika nchi ile machela haikuwa kitu cha anasa bali samani ya nyumba kamili.

Tofauti ilitokea baharini. Mwisho wa karne ya 16, na mwaka utajwao ni 1597, jeshi la bahari la Uingereza lilianza kuwapa mabaharia wake vitanda vya kuning'inia, ambao kabla ya hapo walilala juu ya mbao tupu za sitaha, mahali popote mtu alipoona nafasi. Faida zake zilikuwa dhahiri: merikebu ikiyumba kitanda hubaki kimetulia sawasawa, maji yakiingia ndani hayamfikii mlalaji, na asubuhi kitanda hukunjwa na nafasi yote ikarudi kwa mizinga. Lakini merikebu ya vita ni mbao, lami, kamba na baruti. Hata moto wa jikoni ulizimwa jioni, na taa zilihesabiwa moja moja. Kuwasha makaa chini ya machela katika nyumba ya namna hiyo kungekuwa kujiua. Basi machela ikahamia katika bahari za kaskazini, kwenye ukungu na barafu, ikiwa imenyang'anywa dawa yake.

Dawa mpya ilitiwa ndani ya machela yenyewe. Machela ya baharia ilikuwa kipande cha turubai la katani, chenye matundu ya duara katika ncha mbili, na katika kila tundu kamba nyembamba, zote zikikutana kwenye pete moja iliyotundikwa katika boriti ya dari. Ndani yake aliweka godoro jembamba lililojazwa mabaki ya sufu na matambara, juu yake blanketi, na mto. Godoro hilo lilikuwa ndilo kinga yake, na lilitosha kwa kiasi, kwa kuwa sufu iliyoshindiliwa vizuri haigandamizwi upesi kama nguo laini. Joto jingine lilitoka kwa wenziwe. Nafasi ya kila mtu katika merikebu ya Kiingereza ilikuwa inchi 14, yaani kama sentimita 36, upana usiomtosha mtu mzima mabega. Na ingawa nusu ya watu huwa zamuni wakati nusu nyingine wamelala, na hivyo nafasi ikawa maradufu, machela zilisuguana usiku kucha. Katika Victory, merikebu ya Admirali Nelson, mamia ya watu walilala hivyo katika sitaha moja ya chini yenye madirisha ya mizinga yaliyofungwa. Hapakuwa na moto, lakini pumzi na miili ya watu ilitosha, na harufu pia ilitosha.

Asubuhi ikipigwa filimbi, kila mtu aliteremka, akaviringisha machela na godoro lake ndani, akaifunga kwa kamba mizunguko saba, akaipeleka juu ikapangwa katika nyavu zilizozunguka ukingo wa sitaha, ambako siku ya vita ilizuia risasi za bunduki. Machela iliyofungwa ovyo ilikuwa hatia ya kumletea mwenyewe adhabu. Baharia akifa, ilishonwa machela hiyo hiyo juu yake, na risasi za mizinga zikatiwa miguuni.

Mtihani mkubwa ulikuja katika bahari ya barafu. William Edward Parry, aliyetumwa kutafuta njia ya bahari kaskazini ya Amerika, alikaa na merikebu zake Hecla na Griper zimegandishwa katika kisiwa cha Melville tangu Septemba 1819 hata Agosti 1820, na katika Februari kipimo chake kilishuka hata kama digrii 48 chini ya sifuri. Ndani ya merikebu watu hawakufa kwa baridi, maana jiko lilikuwapo, ila walishambuliwa na adui wasiyemtazamia: mvuke. Pumzi za watu na mvuke wa vyakula ulipaa, ukagusa mbao baridi za ubavuni, ukageuka maji, maji yakaganda, na vitanda vilivyojengwa kando ya mbao hizo vikavikwa barafu hata matandiko yakanata. Katika safari yake ya pili, ya mwaka 1821 hadi 1823, Parry alitia katika merikebu mtambo wa Sylvester, uliosambaza hewa ya moto kwa mifereji, akawalaza mabaharia katika machela badala ya vitanda vya mbao, ili hewa ile kavu iweze kuwazunguka pande zote. Angalia mzunguko wa ajabu: kile kilichokuwa aibu ya machela, yaani kuzungukwa na hewa, kikawa fadhila yake mara tu hewa yenyewe ilipotiwa moto. Kwa njia ndefu, na kwa chuma cha Kiingereza, Parry aliurudisha moto wa Watupinamba chini ya machela.

Karne ya 20 ilirudisha machela msituni. Mwaka 1942 jeshi la Marekani lilitoa machela ya msituni yenye paa la mvua na chandarua vilivyoshonwa pamoja, kwa askari wa visiwa vya Pasifiki na nchi za karibu na Burma. Na katika vita vya Vietnam askari wa kaskazini walipita milima ya Truong Son wakiwa na machela zao mabegani, wakizilalia katika mvua na baridi ya usiku. Hizo zilikuwa habari za mbu na unyevu kuliko za theluji, nami sitazirefusha.

Walioishughulikia baridi kwa dhati ni wapandaji milima wa Marekani, hasa watembeao katika njia ya Appalachia, iliyokamilishwa mwaka 1937 kutoka Georgia hata Maine, mwendo wa kilometa 3,500 hivi. Wengi wao huanza kusini mwezi wa Machi, wakati milima ya Great Smoky ingali na theluji, na walioamua kuacha hema wakachukua machela waligundua usiku wa kwanza kile ambacho Oviedo alikwisha kukieleza. Moto chini ya machela hawakuuweza tena, kwa kuwa vitambaa vyao vya nailoni huyeyuka kwa cheche moja. Walijaribu mifuko ya kulalia ya manyoya laini ya bata, na mgongo ukapoa kwa sababu ile ile ya kugandamizwa. Wakajaribu mikeka ya sponji, ikateleza usiku na kuacha bega moja nje. Katika miaka ya kwanza ya karne ya 21 ndipo ikaenea kati yao hila iliyo rahisi hata mtu hujiuliza kwa nini ilichelewa: mfarishi wa manyoya utundikwe nje ya machela, chini yake, ukining'inia kwa kamba zake wenyewe, ili uzito wa mlalaji usiufikie. Mmoja wa waliolieneza jambo hilo ni Ed Speer, aliyetoa kitabu juu ya kulala machelani mwaka 2003, na ambaye alitengeneza pia mfuko uliomeza machela nzima, juu na chini.

Mfarishi huo una adabu zake. Ukilegea, upepo huingia katika pengo na kazi yote ikaharibika. Ukikazwa mno, manyoya hubanwa yakawa kama hayapo. Wajuzi hupitisha kiganja baina ya mfarishi na machela, naye aliyelala ndani akisema anausikia mguso wa mkono lakini hasikii msukumo, basi umekaa sawasawa. Turubai la juu hushushwa karibu na ardhi upande upepo utokako, na mwenye busara hafungi machela yake bondeni, kwa kuwa hewa baridi ni nzito na usiku huteremka kama maji.

Kwa maoni yangu hila hii ndiyo pekee, katika zote zilizobuniwa tangu 1500, inayostahili kuwekwa daraja moja na magogo matatu ya Amazon, kwani zote mbili zimeielewa baridi ya machela pale inapoanzia. Godoro la baharia lilikuwa fidia tu, na mtambo wa Parry ulihitaji merikebu nzima kuubeba. Basi msomaji atakayetaka kulala machelani katika misitu yetu ya juu, iwe Usambara mwezi wa Julai au miteremko ya Kilimanjaro, na aanze kwa kufikiri atakachokitundika chini kabla ya atakachojifunika juu. Msitu wa Kilimanjaro hukoma kwenye meta 3,000 hivi, na kupita hapo miti ya kufungia kamba ni adimu. Aliyekusudia kupanda zaidi na achukue hema.